Nani Aliyetaka Euakafa

Meli ya watalii ilikuwa imekwisha kutia nanga nje ya gati la Neiafu, nyeupe na ndefu, imeziba nusu ya kilima cha ng'ambo, na Maka alikuwa hajamtazama mkewe usoni tangu alfajiri. Alimimina petroli kwenye tangi la boti taratibu, akapangusa mdomo wa dumu kwa kitambaa, kisha akapangusa tena palepale alipokwisha kupapangusa. Tokilupe alimjua mumewe. Akiwa na furaha hupiga mluzi, akiwa na lake moyoni hupangusa vitu.

"Maka," alisema kwa sauti ya chini, "bado hatujachelewa."

"Kufanya nini?"

"Kwenda Hunga. Nyangumi ulimwona kwa macho yako Jumamosi, yeye na mtoto wake. Amelala pale ghubani kama yuko kwao."

"Dada yangu amesema Euakafa."

"Si aelezwe kwamba kisiwa kile leo kina upepo."

Maka alifunga kifuniko cha tangi. "Nani amweleze? Mimi? Nikamwambie dada yangu hajui anachokitaka? Nishikie hiyo kamba, mke wangu, tuishie hapo."

Wakaishia hapo. Ungatea alikuwa dada mkubwa wa Maka, na katika ukoo ule dada akitamka jambo, kaka hana la kuongeza. Wenyewe husema ni heshima wala si woga, ingawa ukimtazama Maka kwa mbali ungepata taabu kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Tangu walipopata akili za kikubwa hawakuwahi kukaa chumba kimoja wala kutaniana, na kila walilokuwa nalo la kuambiana lilipitia kwa Tokilupe. Huku wifi, huku mume, naye katikati anakanyagwa kama daraja. Alikuwa amezoea kuyapunguza maneno njiani, kwa sababu mtu aliyebeba sinia la magimbi mkono mmoja hana nafasi ya kubeba hotuba ya wifi mkono wa pili.

Na huyo wifi alikuwa ameshapanda botini. Alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka, amejifunga kiunoni, kama ilivyo desturi yao, mkeka wake mzuri wa kwendea kanisani, mwavuli mapajani. Kaka alikuwa nyuma kwenye usukani, amempa mgongo. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, lakini kati ya wale wawili ungeweza kujenga nyumba.

*

Lavinia alikuja akiwa na filimbi shingoni na miwani ya jua kichwani. Yeye ndiye aliyewapangia wageni wa meli safari za kuona nyangumi, na hapo gatini hakuna nahodha aliyethubutu kumnunia.

"Maka, leo wapi?"

"Euakafa."

Lavinia aliitoa miwani kichwani akaikunja. "Euakafa na upepo huu?"

"Ndiyo."

"Wewe una nini? Safari mbili zilizopita umenirudishia watu waliotapika tu, hawakuona hata mkia. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu wa meli nikasemwa kama mtoto aliyevunja sahani. Sasa nisikilize vizuri, na mkeo asikie. Leo ukirudi bila nyangumi, nafasi yako nampa mwingine, na sitaki uje kwangu na mkeka wa kuombea radhi. Mikeka ninayo."

"Nimesikia," alisema Maka.

Tokilupe alizidi kuikaza kamba ambayo haikuhitaji kukazwa. Meli ndizo zilizokuwa zikilipia boti, na boti ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yao mji mkuu, Nukualofa. Bila nafasi ya gatini, boti ile ingekuwa ya kuvulia samaki wa mchuzi tu, na binti angerudi nyumbani kusuka mikeka. Hilo Lavinia hakuwa na haja ya kulisema.

Desturi ya gatini ni kwamba kila nahodha anatundika kibao cha mahali anapokwenda, na wageni huchagua wenyewe. Wageni walishuka kutoka kwenye mashua za meli wakiwa na kofia na chupa za maji, wakaanza kupita mbele ya vibao kama watu wanaochagua samaki sokoni. Kibao cha Siosiua, boti ya jirani, kiliandikwa HUNGA kwa rangi nyekundu, na boti yake ilijaa kabla hajamaliza kunywa chai.

"Maka!" Siosiua aliita, kinywa kimejaa mkate. "Ukibahatika kumwona hata mmoja huko, msalimie. Mwambie ukoo wake wote uko kwetu."

Watu wakacheka. Maka naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipa nauli. Kisha akachukua kitambaa akapangusa usukani.

Bibi mmoja mwembamba mwenye kofia ya njano alisimama mbele ya boti yao akasoma kibao, akatazama bahari, akamtazama Ungatea pale mbele na mwavuli wake. Nyuma ya bibi walikuwapo wenzake saba wa meza moja ya chakula, ambao kwa hakika walikuwa wakimfuata yeye.

"Huyu mama ni nani?" aliuliza.

"Ni dada yake nahodha," Tokilupe alijibu.

"Na huko mnakokwenda nyangumi wapo?"

Tokilupe alihisi macho ya Lavinia kisogoni. "Bahari ni kubwa, mama," alisema. "Wapo."

"Basi mimi napanda boti ya yule mama. Anaonekana mtu anayejua anakokwenda."

Wakapanda wote wanane. Ungatea, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kanisani tu, aliuliza bibi amesema nini. Tokilupe akamwambia amesifu mkeka wake. Huo nao ulikuwa upunguzaji, lakini ulimfurahisha wifi, na asubuhi ile chochote cha kumfurahisha mtu kilikuwa na nafasi yake.

*

Walipotoka kwenye kivuli cha visiwa, upepo wa kusini mashariki uliwapokea mzimamzima. Mawimbi yalikuja ya ubavu, boti ikainama huku na huku, na wageni wakaacha kupiga picha mmoja mmoja. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisimulia habari za mjukuu wake alinyamaza katikati ya sentensi, akaivua kofia yake, akaitumia kwa kazi ambayo kofia haikushonewa. Tokilupe alipita akigawa tangawizi na kusema pole, pole mama, pole baba, huku macho yake yakizunguka kutafuta moshi wa pumzi ya nyangumi juu ya maji. Hakukuwa na moshi. Hata ndege hawakuwapo.

Kisiwa cha Euakafa kilionekana mbele, na ufukweni palikuwa na moshi mwembamba, lakini huo ulikuwa wa nguruwe. Ungatea alikuwa amewatuma wanaume wawili wa kijijini tangu usiku kwenda kuchimba shimo, kupasha mawe moto na kumfukia nguruwe na viazi vikuu, ili wageni wa ndugu yake wapate kula. Hakuna aliyemwomba. Nguruwe alimtoa tu, kama alivyozoea kutoa na kama alivyozoea kuchukua. Siku binti yao alipotimiza mwaka, huyuhuyu wifi ndiye aliyeondoka na kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyoletwa na nusu ya keki, kwa haki yake kamili ya ushangazi, na Tokilupe akabaki kuosha sinia.

"Wifi," Ungatea aliita kutoka mbele. Mkeka wake ulikuwa umelowa chapachapa. "Hebu njoo."

Tokilupe alikwenda akishikilia ukingo.

"Ndugu yangu anaumwa?"

"Haumwi, wifi. Kwa nini?"

"Maana mimi si nahodha, lakini nimezaliwa hapahapa, na najua upepo huu ukivuma, huku hakai hata kaa. Watu wa watu wanatapika. Kitu gani kimemfanya aing'ang'anie Euakafa?"

Tokilupe alidhani hakusikia vizuri kwa ajili ya upepo. "Si wewe uliyetaka, wifi?"

"Niliyetaka nini?"

"Euakafa."

"Mimi?" Ungatea aliufunga mwavuli. "Mimi nilikuuliza. Nilikukuta jikoni unakuna nazi, nikakuuliza, Maka kesho kutwa atapita upande wa Euakafa? Majani yangu ya mkadi ya kusukia yamekwisha na nina mkeka wa harusi nusu. Nikasema kama atapita, aniletee mzigo mmoja. Kama atapita. Ukaenda ukarudi, ukaniambia Maka amesema Euakafa. Nikasema haya, kumbe ndiko anakopeleka wageni, na kule hakuna hata kibanda cha soda, ndugu yangu ataaibika. Nikatoa nguruwe. Nguruwe wa mkutano wa kanisa, wifi."

Tokilupe aliushika ukingo kwa mikono miwili. Alijiona jioni ile, mikono imejaa machicha ya nazi, anatembea mpaka kwenye boti, anasema sentensi moja: Dada yako anataka Euakafa. Ilikuwa fupi na nyepesi kubeba. Hakusema anauliza. Hakusema majani. Nani angeuliza sababu ya neno la Ungatea? Maka alitazama upande wa Hunga ambako alikuwa amemwona mama na mtoto, kisha akasema haya, mwambie Euakafa. Na yeye Tokilupe akarudi na hilo nalo, limekatwa miguu.

Kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja botini mle aliyetaka kwenda Euakafa.

Alijua namna ya kujitoa. Angekwenda nyuma akamwambia Maka kwamba dada yako amebadili mawazo, na Maka angegeuza boti bila neno. Ingekwisha hapo. Ila Maka angeishi akiamini kwamba dada yake alimchezea mbele ya gati zima, amdhalilishe kwa Lavinia na Siosiua, kisha aseme basi, nimeghairi. Asingelalamika kamwe. Angepangusa vitu mpaka kufa. Tokilupe alimtazama wifi yake, uso umelowa, nywele zimetoka kwenye fundo lake, akaona kwamba naye ni mwanamke aliyetoa nguruwe wake kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo.

"Kosa ni langu, wifi," alisema. "Sikumwambia unauliza. Nilimwambia unataka."

Ungatea alimkazia macho muda mrefu. Tokilupe alingoja yale ambayo angeyasikia kwenye kila msiba na kila harusi hadi uzeeni.

"Nenda kamwambie," alisema Ungatea.

"Nimwambie nini?"

"Kama ulivyoniambia. Na usipunguze."

*

Maka alimsikiliza bila kugeuka. Tokilupe alieleza yote, mkadi, mkeka wa harusi, nguruwe wa kanisa, na mikono yake yenye machicha. Alipomaliza, mumewe aliivuta gia, boti ikabaki ikielea na kuyumba.

"Kwa hiyo hakutaka."

"Hakutaka."

"Nami nikamkubalia asichokitaka."

"Ndiyo."

"Na yeye akamchinjia nguruwe mtu ambaye hakuomba." Maka alijifuta uso kwa kiganja. Tokilupe hakujua kama ni maji ya bahari. "Mwulize sasa anataka twende wapi."

Tokilupe alikwenda mbele akiwaruka wageni. "Anauliza unataka twende wapi."

"Mwambie aende anakotaka."

Akarudi nyuma. "Amesema uende unakotaka."

"Mimi nataka anakotaka yeye."

Akaenda mbele. "Anataka unakotaka wewe."

"Sitaki popote, wifi. Mwambie nataka anakotaka."

Bibi mwenye kofia ya njano alikuwa akiwafuata kwa macho, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na uso wake ulikuwa umeanza kupata rangi. "Samahani, binti," aliuliza, "kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Tunachagua pa kwenda."

"Sasa hivi?"

Tokilupe alikuwa amefika katikati ya boti. Mguu wake ulikuwa ukiuma mahali alipougonga kwenye benchi. Akasimama. Hakupanga kusimama; mguu ndio uliokataa.

"Mimi sibebi tena," alisema kwa lugha yao, kwa sauti ya kuzidi upepo. "Boti hii haizidi jiko langu kwa urefu. Kila analosema mmoja mwenzake analisikia, na mimi nakwenda na kurudi kama ufagio. Mmoja aseme mahali. Yeyote. Mimi nakaa."

Akakaa kweli, kando ya mwanamume mwenye kofia iliyoharibika. Tangu aolewe hakuwahi kusema maneno kama yale hata kwa kuku.

Maka aliushikilia usukani. Ungatea aliitazama bahari mbele yake, asimgeukie mtu. Wimbi moja likapita chini yao, na la pili.

"Babu yetu," Ungatea aliyaambia maji, "alipokuwa akiwinda nyangumi hakuwahi kumwuliza dada yake wako wapi. Alikwenda walipo."

Maka alikohoa. Aliuambia usukani: "Aliyesema amesikika."

Akaingiza gia akaigeuza boti kuelekea magharibi. Kabla hawajafika mbali alitazama kipimo cha petroli na kukigonga kwa kidole. Ilikuwapo ya kufika Hunga, kungoja, na kurudi gatini. Ya kuzunguka kutafuta pengine haikuwapo.

*

Nyuma ya kisiwa cha Hunga upepo ulikatika kama mtu amefunga mlango. Maji yalikuwa mororo, ya kijani karibu na mwamba na meusi mbele yake. Wageni walianza kuinua vichwa. Bibi wa kofia ya njano aliomba tangawizi nyingine, si kwa kuumwa, kwa kuipenda.

Boti ya Siosiua ilikuwa ikitoka ghubani. Siosiua alipunguza mwendo walipokutana, na safari hii hakuwa na mkate wala mzaha mwingi.

"Umepotea njia, Maka? Alikuwapo, na mtoto wake, tumemwona vizuri. Lakini amezama muda mrefu sasa. Nadhani ameondoka. Pole, ndugu yangu." Akawatazama wageni, akamtazama Ungatea, akashusha kofia kwa heshima, akaenda zake na watu wake wanaocheka.

Maka alizima injini. Walingoja. Maji yaligonga ubavu wa boti polepole, na kila mtu alitazama upande wake. Jua lilipanda. Mtu mmoja aliuliza meli inaondoka saa ngapi, mwingine akamjibu. Tokilupe alianza kumwona binti yake akishuka kwenye feri na sanduku lake. Alijaribu kuitoa picha hiyo kichwani, ikakaa.

Maka alitazama jua, akatazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Macho yake hayakuwa na lawama, na hilo ndilo lililomwumiza. Akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Wifi, mwambie," Ungatea alianza, kisha akajikatiza. Aliligeukia tena ghuba lililokuwa mbele yake. "Tungoje kidogo," alisema, akiwa hamwambii mtu.

Mkono wa Maka ulirudi mapajani. Nahodha yeyote mwingine angetazama saa na kuwasha injini, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini lile lilikuwa neno la dada, tena safari hii alilisikia kwa masikio yake kama lilivyotoka kinywani. Wakangoja.

Kwanza ilikuja sauti. Pumzi moja ndefu, nzito, kama mtu mzima anayeketi baada ya kazi. Ilitoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama isipokuwa Ungatea. Kisha mgongo ukainuka, mweusi, ukaendelea kuinuka, na pembeni yake mgongo mdogo, na pumzi ndogo ya haraka haraka. Mama alikuwa hajaondoka. Alikuwa amelala chini yao wakati wote ule, na mtoto alipoishiwa pumzi walipanda pamoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto alijigeuza akaonyesha tumbo jeupe, akapiga maji kwa kipezi, akapiga tena alipoona kunafurahisha. Mama alielea tu. Jicho lake lilipita karibu na uso wa maji, likawaangalia, likaonekana halina shida nao. Mwanamume wa kofia alikuwa akilia waziwazi na kusema jina la mjukuu wake. Bibi wa kofia ya njano alikwenda mbele, akaushika mkono wa Ungatea bila kuomba, na Ungatea akauacha ushikwe.

Tokilupe alipumua. Alijihisi kama aliyetua ndoo kichwani akakuta shingo bado ipo.

"Wifi," Ungatea alisema baada ya muda, macho hayajaondoka majini. "Babu angemwona ndugu yangu leo angemkana. Nyama yote ile, naye anaitazama."

Tokilupe aligeuka nyuma. Alikuwa tayari ameshafungua kinywa ili aipeleke, akakumbuka, akakifunga. Kwenye usukani Maka alikuwa amewapa mgongo wote, mtu wa heshima zake, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Alicheka hivyo kimya kimya mpaka ikambidi auinamie usukani.

*

Gatini Lavinia alikuwa akingoja, mikono kiunoni. Hakuuliza. Aliwatazama wageni wakishuka, mmoja mmoja, wenye nguo zenye chumvi na nyuso za watu waliotoka kwenye ibada njema. Bibi wa kofia ya njano alisimama mbele yake.

"Nimezunguka bandari nyingi," alisema, "lakini sijawahi kuona boti inayoendeshwa kwa mashauriano namna hii. Yule mama aliye mbele alijua alipo nyangumi. Aliwaamuru wangoje, wakangoja."

Lavinia alimtafsiria Ungatea maneno hayo, yote. Ungatea alirekebisha mkeka wake na kusema kwamba ni kweli.

"Meli nyingine Alhamisi," Lavinia alimwambia Maka, akiivaa miwani. "Usichelewe. Na hicho kibao chako kiandike upya, kinanitia aibu."

Jioni wale wanaume wawili walirudi kutoka Euakafa na nguruwe ndani ya majani ya ndizi, amepungukiwa paja moja. Walisema walingoja wageni mpaka njaa ikawaamulia. Waliwaletea na majani ya mkadi pia, mzigo mkubwa, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine. Ungatea aliutazama ule mzigo, akamtazama Tokilupe, na Tokilupe akajiandaa.

"Huyo nguruwe haendi kanisani hana mguu," Ungatea alisema. "Waite majirani. Mwite na Siosiua, ale huku anatutazama."

Wakala, wanaume upande wa boti, wanawake upande wa jiko, na paja lililobaki Ungatea alilikata mwenyewe. Kipande cha kwanza alikiweka kwenye sahani ya Tokilupe. Tokilupe alikula akiwa ameinamisha kichwa ili asionekane jinsi alivyofurahi.

*

Siku ya kabla ya Alhamisi, Tokilupe alikuwa kwenye kizingiti cha jiko akimenya magimbi. Maka alikuwa chini ya boti, nyuma ya nyumba, anapaka rangi na kupiga mluzi. Ungatea alikuja na mwavuli wake akasimama uani.

"Wifi, hebu kamwulize ndugu yangu kesho anakwenda upande gani."

Tokilupe alinyanyua mikono yake, imejaa utomvu wa magimbi. "Yuko hapo nyuma, wifi."

"Najua yuko hapo nyuma."

"Na mimi niko hapa."

Ungatea alisimama kidogo. Alitazama nyumba, akatazama anga, kisha akasogea mpaka kwenye kona ya ukuta, akaupa mgongo upande wa boti kama inavyopasa. Miguuni pake palikuwa na nguruwe mdogo anayefukua maganda.

"Wewe nguruwe," Ungatea alimwambia kwa sauti ya kusikika mbali, "mwenye boti kesho anakwenda wapi?"

Mluzi ulikatika. Nyuma ya ukuta brashi ikawekwa chini.

"Nguruwe," sauti ya Maka ilisema, "mwambie aliyekuuliza ni Hunga. Tena mwulize, kuuliza kwenyewe ni kuuliza tu, au anataka?"

"Mwambie nauliza tu."

"Basi mwambie kama ana haja ya mkadi, Jumamosi nitampeleka mwenyewe. Akae mbele."

"Mwambie ahsante."

Nguruwe aliendelea kula. Tokilupe alichukua gimbi jingine akalimenya taratibu, miguu ameinyoosha kivulini, akisikiliza. Yule nguruwe hakukosea hata neno moja.